Mwaka Tuliomwonjesha Feza Chakula Chake

Mwezi uliopita nilifika Lulimba kwa mara ya kwanza maishani, nami nina miaka sitini na kitu. Nilikwenda matangani kwa mwanamke aliyekuwa wifi yangu kwa miaka miwili tu, zamani zile tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia kwa Kifaransa, na nchi nzima ilikuwa na chama kimoja na picha moja ukutani. Jina lake Feza. Kijana wa pikipiki aliyenipakia kutoka Fizi aliniuliza njiani marehemu alikuwa nani kwangu. Tulipovuka daraja nikamjibu kwamba ni ndugu, maana jibu refu lisingeenea barabara ile yenye mashimo. Safari hiyo hiyo niliwahi kuianza mara moja, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, nikaikatisha katikati. Watoto wangu wananijua kama mama mkali asiyependa uongo. Wakisoma haya wataelewa ukali huo ulitoka wapi, na pengine watacheka kidogo kwa kinywa kichungu.

Mwaka ule niliishi Baraka kwa kaka yangu Wilondja, nikiwa darasa la sita la sekondari, mwaka wa mtihani wa serikali. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na kibanda cha jiko nyuma. Mimi nililala sebuleni, kwenye mkeka, na kati yangu na chumba chao kulikuwa na ukuta wa udongo usiofika juu. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia Feza akimwiga mchungaji, akimwiga mwenye duka, akiniiga mimi ninavyotembea na vitabu kifuani, na kaka yangu akicheka mpaka anamwomba aache. Hakuwa na ubaya, ila alikuwa na kicheko kikubwa, na mimi katika umri ule nilidhani kila kicheko kinanihusu. Alitoka kwao Lulimba, mbali na ziwa. Mwanzoni hakujua hata kutoa magamba ya mikebuka, samaki wetu wa ziwa, lakini sombe yake ya majani ya muhogo iliwashinda wanawake wote wa mtaa wetu. Aliitwanga laini, akaipika kwa mawese mpaka mafuta yakapanda juu, na jirani walikuwa wakipita na sahani tupu wakijifanya wanakuja kuomba moto. Karo yangu ililipwa na kaka. Nilijua hivyo kila asubuhi nilipovaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, na nilijua pia kwamba bila kazi yake ningerudi Ubwari kwa mama kuanika ndakala, dagaa wa ziwa letu.

Kazi yenyewe ilikuwa katika karakana ya mradi wa samaki, karibu na ufuko, ambayo wenyewe waliiita ateliye. Walitengeneza makasha makubwa ya kubebea samaki na barafu hadi Uvira. Kasha lilikuwa na kuta mbili za mbao, na katikati yake walimimina dawa. Dawa hiyo ilikuja katika mapipa ya aina mbili, moja lenye maji mazito ya kahawia na jingine lenye maji meupe. Ukiyakoroga pamoja kwenye ndoo yalianza kuchemka bila moto, yakavimba, yakajaa, kisha yakakauka na kuwa mepesi na magumu. Wafanyakazi waliiita mukate. Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wa mukate. Mara nyingi mchana nilimpelekea chakula nikitoka shule, na nilikuta milango yote miwili imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magunia, kwa sababu mukate hautaki upepo. Upepo wa ziwa ukiingia, dawa inapoa kabla ya kuvimba, kasha linaharibika, na mkurugenzi anafoka. Kwa hiyo walimimina wakiwa wamejifungia, wanaume wanne, jasho likiwatoka, halafu wakachukua msumeno na kukata ule uliofurika juu. Vumbi lake lilikaa kwenye kope za kaka yangu. Barakoa zilikuwepo. Zilikuja pamoja na mapipa, ndani ya katoni, nazo zilifungiwa stoo. Niliziona mara moja usoni mwa watu, siku wageni walipokuja kupiga picha, na jioni zikakusanywa, zikahesabiwa, zikarudi kwenye katoni. Asubuhi kabla ya kazi waliimba na kucheza nyimbo za chama kwa nusu saa mbele ya bendera. Kwa hilo hakuna aliyekosa pumzi, wakati ule.

Mwezi wa kumi kaka alianza kukohoa. Ilimjia jioni, tukiwa tumekaa kula. Alikuwa anarudi kazini mzima, anaoga, anataniana na mkewe, halafu mara sahani inapowekwa mkekani kifua kinaanza kulia filimbi. Alitetemeka kama mtu wa malaria, akainama mbele, mikono magotini, akitafuta hewa. Chakula kiliganda mbele yake. Kufikia asubuhi alikuwa amechoka lakini anapumua, akaenda kazini. Tulimpa kwinini, tukampa majani ya kufukiza, Feza akamkanda mgongo kwa mawese ya moto. Kila jioni ya siku ya kazi hali ikawa ile ile, na kila mara ilikuja na sahani. Mtu akikuona unaanza kufa kila siku mbele ya sahani, hatafuti mbali. Kwetu kuna sumu ya polepole ambayo watu huiita karuho, na tangu utotoni tunafundishwa kuiogopa kuliko mamba. Anayekuletea kinywaji hukinywa kidogo kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni adabu, na ni hofu iliyovaa nguo za adabu.

Mwezi wa kumi na mbili nilimsindikiza kaka zahanati. Muuguzi alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza kifua, akamuuliza kazi yake, akataka aelezwe mukate unavyomiminwa, na kuhusu milango. Halafu akauliza swali ambalo ninalisikia mpaka leo.

“Siku ya yenga unakuwaka namna gani?”

Kaka alifikiri. Jumapili, alisema, niko muzuri. Mzee akavua miwani. Akasema amewaona wengine wawili kutoka kazini pale, na kwamba mwili wa mtu unaweza kukichukia kitu, na ukishakichukia hausahau, hata harufu yake tu inatosha kuuamsha, na mara nyingi hukasirika baada ya saa nyingi, mtu akiwa amesharudi nyumbani. Alimwandikia karatasi apumzike mwezi mzima. Mkurugenzi alipoisoma ile karatasi, kaka alinisimulia baadaye, aliikunja, akaitia mfukoni mwa abakosi, lile koti la wakubwa wa chama, na kumwambia kwamba citoyen asiyetaka kujenga taifa aseme wazi, maana nje kuna foleni. Kaka akarudi kazini siku ile ile. Njiani kutoka zahanati alikuwa ameniomba nisimwambie mtu, si mama, si Feza, kwa sababu wangemlazimisha aache kazi, na mtihani wangu ulikuwa umebaki miezi saba. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Wepesi ule wa kukubali ninaukumbuka kuliko yote.

Mwisho wa mwaka mradi ulifungwa wiki mbili, tukavuka kwenda Ubwari kwa mama, kaka na mimi. Feza alibaki kulinda nyumba. Kule kaka alipona. Alikula samaki wa mama mpaka mashavu yakajaa, akaenda kuvua na wenzake, akapanda mlima hadi shambani bila kusimama. Mama alimtazama akila, siku ya kwanza, ya tano, ya kumi, na sikuhitaji kuambiwa anawaza nini. Tulivuka naye kurudi Baraka, akasema anakuja kuangalia nyumba ya mwanawe. Jumatatu kaka alikwenda kazini. Jumatatu jioni, Feza alipoweka ugali wa muhogo na maharage, filimbi ikalia. Mama aliondoka mkekani, akaenda kukaa nje, akiwa amejishika kichwa.

Kuna jambo moja lingeweza kutuokoa sote, nalo ni Jumapili. Jumapili Feza ndiye aliyepika, na Jumapili kaka hakuumwa. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu kila wiki. Lakini Jumapili waimbaji wa kanisa walikuja kula kwetu, wanaume watano au sita kwenye sahani moja, na mama akawa na jibu tayari. Alisema siku ile Feza anaogopa, hawezi kuua kwaya nzima. Nilimsikia akilisema hilo kwa jirani nyuma ya jiko, kwa sauti ya mtu aliyemaliza hesabu. Mimi nilikuwa najua swali la yule mzee wa zahanati. Nilikuwa na jibu mfukoni. Nililiacha huko.

Tena nikaongeza langu. Siku moja nilimwona Feza akitoa kifurushi cha majani makavu kutoka kikapu chake, akafungua, akachota unga wa kijivu, akautia kwenye sufuria ya maharage. Nilimwambia mama. Sitajifanya kwamba nilikuwa naogopa kwa ajili ya kaka. Nilijua ni kitu cha kupikia, au nilikuwa naweza kuuliza nikajua kwa dakika moja. Lakini kama ugonjwa ulitoka jikoni, kaka angeendelea na kazi, na mimi ningeendelea na shule. Kama ulitoka kazini, ningerudi Ubwari. Hivyo ndivyo nilivyopanga kichwani, nikiwa na daftari la fizikia magotini.

Kikao kilikaa Jumamosi, watu wakiwa wametoka kufanya salongo, kazi ya umma ya lazima, miguu yao bado ina matope ya mitaro ya chama. Mama alikuwepo, na wazee wawili wa ukoo, na kaka, na mimi. Feza aliitwa. Aliulizwa habari za kile kifurushi, akaenda akakileta mwenyewe bila wasiwasi, akasema ni chumvi ya majivu ya kwao, ya kulainisha maharage na sombe, mama yake humtumia kila anapopata mtu wa kumbebesha. Alichovya kidole, akalamba mbele yetu. Halafu akanigeukia.

“Mauwa, wewe unakulaka kila siku pamoja nasi. Ulikuwa mugonjwa siku gani?”

Macho yote yakanijia. Sikuwa nimeumwa hata siku moja. Nilisema mimi sijui, mimi niliona tu anaweka kitu. Kaka alikuwa anatazama chini, na nilijua anasubiri nitaje zahanati, na anaomba nisiitaje. Tulikuwa tumefungwa kamba moja, yeye na mimi, na kila mmoja alimwachia mwenzake aanze kuvuta. Wazee walikata shauri la huruma, kama walivyoliita. Feza asifukuzwe. Ila kuanzia siku ile, kila atakachompikia mumewe akionje kwanza mbele ya mama na mbele yangu.

Alionja kwa wiki sita. Ninayakumbuka matonge yake moja moja. Aliweka sufuria mkekani, akapiga magoti, akamega ugali kutoka upande wa kaka, akachovya kwenye mboga ya kaka, akatafuna akitutazama, akameza, akafungua kinywa tuone. Hilo la kufungua kinywa hakuna aliyemwagiza. Alilianzisha mwenyewe siku ya tatu, na nadhani mwanzoni alifanya kwa dhihaka, kwa sababu bado alikuwa na kicheko. Kicheko kilikwisha wiki ya pili. Siku za Feza kumwiga mchungaji na kaka kucheka nyuma ya ukuta zilikwisha pia; nililala nikisikia pumzi ya kaka tu, ikipanda kama mtu anayevuta gogo. Feza alionja hata maji. Alionja chai. Alionja dawa ya zahanati. Na kaka hakupona, maana saa sita kabla ya ile sahani alikuwa amejifungia na mukate bila upepo. Lakini mama hakukosa neno. Alisema mwanamke huyu anakunywa dawa ya kuzuia kabla ya kuonja, ndiyo maana anafungua kinywa bila haya.

Mwishoni mwa mwezi wa pili walimrudisha kwao. Neno walilotumia ni kumpumzisha. Alifunga vitu vyake katika vitenge viwili, akaacha sufuria zote zimesuguliwa na majivu zinang'aa, zimepangwa kwa ukubwa. Kaka alikuwa kazini. Walichagua saa hiyo makusudi. Feza alipita mbele yangu sebuleni, nikiwa nimejiinamia kitabuni, akasimama kidogo. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Aliniambia tu kwamba maharage ya jioni yako motoni, nisiyasahau yakaungua, kisha akapanda lori la chumvi lililokuwa likienda juu. Hakutuambia kwamba alikuwa na mimba ya miezi miwili. Kwa nini angetuambia.

Basi mpishi nikawa mimi. Wiki ile mapipa yalikuwa yamekwisha, mradi ukisubiri meli, na kaka akabaki akifagia na kupaka rangi. Hakuumwa. Mama aliimba jikoni. Aliwaambia majirani wote waje wamwone mwanawe, na kwa siku nane nyumba yetu ilikuwa nyumba ya sherehe iliyosimama juu ya mgongo wa mtu. Siku ya tisa mapipa yalifika. Jioni ile nilikuwa nimepika ndakala kwa nyanya, kwa mikono yangu, kwa chumvi ya dukani. Nikaweka sahani mbele ya kaka. Alimega tonge moja, na kabla hajalimeza filimbi ikaanza. Aliinua macho kutoka kwenye sahani, akanitazama mimi. Haikuwa zaidi ya muda wa kupepesa. Lakini niliona anauliza, na nikajua Feza alitazamwa hivyo kila jioni kwa miezi mitano, na akaendelea kupika. Mama alikimbilia maelezo mengine. Kesho yake aliita mtu achimbe mlangoni, akasema Feza amezika kitu. Walichimba mpaka magotini. Walipata kifuniko cha chupa.

Kaka alisubiri mama avuke kwenda Ubwari. Halafu, mchana wa likizo ya mwezi wa nne, aliniita tukae nje kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amekonda, shingo yake imeingia mabegani kwa kazi ya kuvuta hewa. Alisema mwenzake Amisi, aliyekuwa akikohoa naye, ameacha kazi, ameenda kuchimba dhahabu, na watu wanaotoka huko wanasema amepona kabisa.

“Haiko Feza,” aliniambia. “Haikukuwaka Feza hata siku moja. Iko ile mukate. Mi na we tulijua.”

Kisha akanituma. Nipande lori mpaka Lulimba, nimtafute Feza kwao, nimwambie kwamba mumewe anamwomba radhi, na kama anakubali kumpokea, ataacha kazi wiki hiyo hiyo, atamfuata huko, watalima. Kama hakubali, basi hakuna sababu ya kuacha. Angalau mimi nimalize shule. Alinipa nauli na kitenge kipya cha kumpelekea. Aliniomba nijifunze maneno yake kwa moyo, nikayarudia mbele yake mara mbili kama somo.

Nilifika Fizi jioni, nikalala kwa mama mmoja wa kanisa. Asubuhi nilikwenda kukaa barabarani, karibu na kizuizi cha askari, kusubiri gari la Lulimba. Watu husema wakati ule njia ilikuwa mbaya, askari wasumbufu, na watu wa msituni karibu. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kuitumia sababu hiyo. Lakini askari aliitazama kadi yangu ya chama, akanirudishia bila kunisumbua, na malori mawili yalisimama mbele yangu siku ile, na moja dereva wake alinifungulia mlango. Nilimwambia ninamsubiri mtu. Nilikaa pale na kitenge magotini nikiona uso wa Feza akinifungulia mlango wa kwao, na mimi nikimweleza kwamba nilijua. Na nyuma ya uso ule niliona kaka akiacha kazi, na chumba cha mtihani, na kiti changu kitupu. Aibu ilinishika mguu mmoja, shule ikanishika wa pili. Siku ya tatu nilirudi Baraka. Kitenge nilikiacha kwa yule mama wa kanisa, nikasema ni zawadi.

Kaka alinikuta nimekaa mlangoni. Aliuliza kwa macho tu. Nikamwambia Feza amekataa. Haikunitosha, nikamtungia na maneno, nikasema amesema sumu yake ibaki kwake na hewa yako ibaki kwako. Niliyatunga njiani, kwenye lori, na nilijivunia yalivyofanana na ulimi wake. Kaka alitikisa kichwa taratibu. Alisema ana haki. Jumatatu akaenda kumimina mukate.

Alikufa mwezi wa saba, wiki mbili baada ya mtihani wangu, mchana, akiwa amekaa, kwa sababu hakuweza tena kulala. Mkurugenzi alileta jeneza la mbao nzuri, mbao za makasha, na hotuba. Katika hotuba alimwita mjenzi wa taifa. Mama alilia jina la Feza kaburini, akimlaani, na watu wakaitikia. Mimi nilisimama hapo hapo, nikiwa nimevaa blauzi yangu nyeupe ya shule kwa kuwa sikuwa na nyingine, na sikufungua kinywa. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Mwaka uliofuata wasafiri walileta habari kwamba Feza amezaa mtoto wa kike. Mama alisema ni wa mwanamume huyo huyo aliyempa ile sumu, na jambo likafungwa. Miaka mingi baadaye, vita vilipotuvusha ziwa, nilifanya kazi kambini ng'ambo na daktari aliyewahi kutibu mafundi wa rangi na dawa za aina hiyo. Nilimsimulia kana kwamba ni habari ya jirani. Alinieleza karibu neno kwa neno yale aliyosema mzee mwenye miwani ya uzi, akaongeza kwamba wengi wao wakitolewa kazini mapema hupata nafuu na kuishi. Nilimshukuru, nikarudi kwenye hema langu.

Nimewachukia watu wengi kwa ajili ya mwaka ule. Nilimchukia mkurugenzi na katoni yake, nikamchukia mama mpaka siku niliyomzika. Ni chuki iliyonisaidia kupanga watu katika foleni ndefu, ili mimi nisimame mwisho kabisa.

Kule Lulimba, matangani, walinikaribisha kama mgeni yeyote aliyetoka mbali. Mwanamke wa miaka arobaini hivi alinijia na maji ya kunawa. Alikuwa na shingo ya kaka yangu, na namna yake ya kuinua bega moja. Anaitwa Neema. Nilimwambia mimi ni Mauwa wa Baraka, dada wa baba yake. Hakushtuka. Alisema mama yake aliwahi kunitaja, kwamba nilikuwa na akili sana ya shule. Kisha akaenda jikoni, akaniletea ugali na sombe, yenye mafuta juu, na ile harufu ya chumvi ya majivu iliyonirudisha mkekani kwetu. Akapiga magoti. Kabla sijanyoosha mkono alimega ugali kutoka upande wangu, akachovya, akatafuna akinitazama, akameza, na akafungua kinywa kidogo. Aliona nimeganda. Akatabasamu, akasema nisishangae, ni tabia ya nyumba yao, mama yao aliwafundisha hivyo wote, kila mtu aliyempikia alimwonjea kwanza na kumwonyesha kinywa, hata watoto wake, hata wajukuu wa kunyonya. Walipomuuliza sababu alisema ni heshima ya watu wa ziwa.

Halafu akaniuliza, kwa upole, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumuuliza:

“Shangazi, mama alisemaka baba hakumutafutaka hata siku moja. Ni kweli?”

Nilimweleza. Sikuanza na mkurugenzi wala na mama. Nilianza na lori lililosimama mbele yangu Fizi na mlango uliofunguliwa, nikarudi nyuma mpaka kwenye kifurushi, na swali la siku ya yenga, na kitenge. Nilimpa maneno ya baba yake kama nilivyoyajifunza, yote, baada ya miaka arobaini yakiwa bado yamepangwa kichwani. Nilimpa na yale niliyoyatunga. Neema hakulia, na hakunitukana. Sombe ilikuwa imeanza kupoa, mafuta yanaganda pembeni mwa sahani. Mwishowe akaisukuma sahani kwangu kwa vidole viwili.

“Kula, shangazi,” alisema. “Niliisha kuonja.”